Ukoo wa Cavendish, maduki wa Devonshire: kina William wananichanganya, na duki wa 7 simwoni alikotoka

Mchora Matawi

Wakuu, salama humu? Nachora mti wa nasaba wa ukoo wa Cavendish, wale makabaila wenye jumba la Chatsworth kule Derbyshire, Uingereza. Nimeanzia kwa Sir William Cavendish aliyefariki 1557 na mkewe Bess wa Hardwick, nashuka chini kwa wana wa kiume.

Nilipokwama ni hapa. Kwanza, karibu kila mkuu wa ukoo anaitwa William, na tayari programu imeniunganishia baba na mwana wakawa mtu mmoja mara mbili. Pili, duki (cheo cha juu kabisa cha makabaila) wa 6 alikufa 1858 hajaoa, hana mtoto, kisha anatokea duki wa 7 ambaye vitabu vingine vinamwita Burlington. Nikimwingiza pamoja na mkewe, programu inaonya kwamba mke na mume ni ndugu. Tatu, kuna maduki wa Newcastle na wa Portland wenye jina hilohilo la Cavendish; ni ukoo mmoja au majina yamegongana tu? Mwisho, watoto wa nje ya ndoa wa duki wa 5 wanakaa upande gani wa mti?

Mwenye kujua anisaidie, na tarehe tafadhali.

Karani wa Kale

Mkuu, karibu. Nianze na kina William, maana hapo ndipo miti mingi ya mtandaoni inapooza.

Kuanzia erli (cheo kilicho chini ya duki) wa 1 wa Devonshire hadi duki wa 7, wakuu kumi mfululizo waliitwa William. Usiwatenganishe kwa jina, watenganishe kwa miaka waliyoshika cheo:

Erli wa 1, 1618–1626
Erli wa 2, 1626–1628
Erli wa 3, 1628–1684
Erli wa 4, ambaye ndiye duki wa 1, 1684–1707 (alipewa uduki 1694)
Duki wa 2, 1707–1729
Duki wa 3, 1729–1755
Duki wa 4, 1755–1764
Duki wa 5, 1764–1811
Duki wa 6, 1811–1858
Duki wa 7, 1858–1891

Baada ya hapo unapumua: wa 8 ni Spencer, wa 9 Victor, wa 10 Edward, wa 11 Andrew.

Tazama mstari wa nne. Uerli haukufutwa mwaka 1694, uliwekwa chini ya uduki na ukaendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo duki wa 7 ni erli wa 10 pia. Tofauti ni tatu daima. Ukikuta mahali pameandikwa "erli wa 5" na mwaka ni 1715, huyo ni duki wa 2, usimfungulie kisanduku kipya.

Kosa la programu linatokana na kuandika cheo kwenye sehemu ya jina. Ukiandika "Duke of Devonshire" kama jina la ukoo, kompyuta inaona watu kumi na mbili wenye jina moja na inapendekeza kuwaunganisha. Jina liwe William Cavendish. Cheo kiingize kama tukio lenye mwaka wa kuanza na wa kuisha. Faili la GEDCOM (muundo wa kuhamisha mti wa nasaba kati ya programu) lina alama yake kwa kazi hiyo, TITL, na inakubali tarehe. Mtu mmoja anaweza kuwa na TITL tatu au nne, na katika ukoo huu ni kawaida. Duki wa 7 alizaliwa 1808 akiwa Bwana Cavendish tu, akawa Lord Cavendish 1831, Erli wa Burlington 1834, duki 1858. Ndiyo maana unamwona kwa majina tofauti, wala si watu tofauti.

Na ujihadhari na cheo cha heshima. Mwana mkubwa wa duki huyu huitwa Markwisi wa Hartington baba yake akiwa hai, lakini kisheria bado ni raia wa kawaida. Lord Hartington wa siasa za miaka ya 1870 alikaa Bunge la Makabwela, si la Malodi, kwa sababu hiyo. Kila kizazi kina Hartington wake, hivyo bila mwaka jina hilo halikuambii kitu.

Jambo la tarehe sasa. Hadi mwisho wa 1751 mwaka mpya kisheria Uingereza ulianza 25 Machi. Bess alikufa 13 Februari, na hati za wakati ule zinasema 1607. Kwa hesabu yetu ni 1608. Andika 1607/8 kwa kila tukio la kati ya 1 Januari na 24 Machi kabla ya 1752, la sivyo utakuja kupata mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa ya wazazi wake au wosia uliothibitishwa kabla ya kifo.

Tunu wa Nyaraka

Karani kamaliza upande wa majina. Mimi nichukue 1858.

Duki wa 4 (yule aliyekuwa waziri mkuu 1756–57) alimwoa Charlotte Boyle mwaka 1748. Wana wao wawili ndio unaowahitaji: William, duki wa 5, na mdogo wake Lord George Cavendish (1754–1834). Mlango wa mkubwa uliishia kwa duki wa 6. Hapo hupandi kutafuta binamu yeyote unayemjua; unapanda hadi baba wa karibu aliyekuwa na mwana mwingine wa kiume, kisha unashuka kwa huyo, mkubwa kwanza. Baba huyo ni duki wa 4, mwana ni Lord George.

Lord George alipewa uerli wa Burlington mwaka 1831. Mwanawe wa kwanza, William (1783–1812), alifariki kabla yake, kwa hiyo cheo kilimruka na kwenda kwa mjukuu 1834. Mjukuu huyo ndiye duki wa 7. Yaani ni kitukuu wa duki wa 4.

Mtego hapo: Burlington ni mbili. Baba yake Charlotte Boyle alikuwa Erli wa 3 wa Burlington, na cheo chake kilikufa naye 1753 kwa kukosa mwana. Cha 1831 ni kipya, kinaanza kuhesabiwa upya. Ndiyo maana babu ni wa 3 na mjukuu wake, Lord George, ni wa 1. Si kosa la uchapaji.

Kuhusu onyo la programu, liache, ni kweli tupu. Mke wa duki wa 7 ni Lady Blanche Howard. Mama yake Blanche ni Georgiana, mke wa Erli wa Carlisle na dada wa duki wa 6. Basi Blanche naye ni kitukuu wa duki wa 4. Ukitumia namba za wahenga (mtu ni 1, baba mara mbili ya namba yake, mama mara mbili na kuongeza moja), ukamweka duki wa 8 kuwa namba 1, inakuja hivi:

Kwa baba: 2 duki wa 7, 4 William aliyekufa 1812, 8 Lord George, 16 duki wa 4, 17 Charlotte Boyle.
Kwa mama: 3 Blanche, 7 Georgiana wa Carlisle, 14 duki wa 5, 28 duki wa 4, 29 Charlotte Boyle.

16 na 28 ni mtu mmoja, 17 na 29 ni mtu mmoja. Kwenye programu duki wa 4 aingie mara moja tu, kisha mistari miwili imfikie. Wanaokosea ni wale wanaomwingiza mara ya pili ili mti "uonekane safi". Wakija kuongeza wazazi wake wanawaongeza upande mmoja, upande wa pili unabaki umekatika.

Mchora Matawi

Bi Tunu, hiyo ya 16 na 28 nimeifanya sasa hivi na onyo nimelielewa. Swali dogo: ina maana 1858 kila kitu kilimfuata huyo wa 7? Ardhi, vyeo, nyumba, vyote?

Tunu wa Nyaraka

Hapana, na hapa ndipo mchoro mmoja hautoshi. Cheo kina njia yake, ardhi ina njia yake, damu ina njia yake. Kwa makabaila wa Uingereza zinatembea pamoja vizazi vitatu vinne, kisha zinaachana ghafla.

Uduki umefungwa na hati ya kifalme ya 1694: wana wa kiume wa kuumeni, waliozaliwa ndani ya ndoa. Huo ukaenda kwa wa 7. Lakini duki wa 6 alikuwa pia Baroni Clifford, cheo kilichoingia kupitia bibi yake Charlotte Boyle, na ubaroni wa aina ile, unaotokana na mwito wa kuhudhuria bungeni, hurithiwa hata na wanawake. Dada zake walikuwa wawili, Georgiana na Harriet (mke wa Erli Granville). Sheria ya vyeo haimtambui dada mkubwa. Mabinti wana haki sawa. Wakiwa wawili hakuna anayekichukua, kinaning'inia kati yao na wazao wao mpaka mfalme akitoe kwa mmoja. Kwa hiyo mwaka 1858 kwenye mti wako uduki unaenda kulia, uclifford unasimama juu ya akina dada wawili.

Ardhi nayo. Chatsworth, Hardwick, Bolton Abbey ya Yorkshire na Lismore ya Ireland zilimfikia wa 7. Mbili za mwisho ni mali ya kina Boyle iliyokuja na ndoa ya 1748. Londesborough, ambayo nayo ilikuja na Charlotte, haikumfikia: duki wa 6 alikuwa ameiuza 1845 kwa George Hudson, tajiri wa reli. Upande mwingine, wa 7 alikuja na vyake. Eastbourne ilitoka kwa bibi yake, Elizabeth Compton, mrithi aliyeolewa na Lord George 1782. Mkiona mwana wa duki wa 7 anaitwa Spencer Compton Cavendish, hilo Compton si pambo, ni ardhi. Katika koo hizi jina la katikati mara nyingi linakuambia shamba lilitoka kwa nani. Ukilifuta kwa kufupisha umefuta ushahidi.

Burlington House ya London ni mfano mzuri wa mali kuhama bila kifo. Lord George aliinunua 1815 kutoka kwa mwana wa kaka yake, duki wa 6, kwa pauni 70,000, na mwaka 1854 serikali ikainunua kwa pauni 140,000. Anayechora ardhi kwa kufuata warithi tu ataiweka mahali pasipo pake kwa miaka arobaini.

Karani wa Kale

Niongeze namna ardhi ilivyofungwa, maana bila hiyo wosia wa hawa watu unasoma kama umekosa kurasa.

Kuanzia katikati ya karne ya 17 mawakili walibuni hati ya kufunga ardhi kwa vizazi. Mwana mkubwa akifika miaka 21, au anapotaka kuoa, yeye na baba yake wanasaini hati mpya: baba ana haki ya matumizi maisha yake yote, kisha mwana maisha yake yote, kisha mwana mkubwa atakayezaliwa. Humo humo wanaandika posho ya mjane na mafungu ya fedha ya mabinti na wadogo. Anayeishi kwenye ardhi si mwenye kuiuza. Alipotaka kuuza kilichofungwa alihitaji masharti ya hati yenyewe au sheria maalumu ya Bunge. Erli wa 2 alipozama kwenye madeni alipata sheria ya namna hiyo 1628. Mwaka 1882 ndipo sheria ya jumla ilipomruhusu mwenye haki ya maisha kuuza, fedha zikishikwa na wadhamini.

Maana yake kwa mchoraji: usitafute mirathi ya ardhi kwenye wosia. Wosia unagawa farasi, vito, fedha taslimu, vitanda. Ardhi iko kwenye hati ya ndoa. Wosia usiotaja Chatsworth haumaanishi kwamba mtu hakuwa na Chatsworth.

Kwa wosia wenyewe, zile zilizothibitishwa katika mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury ziko Hifadhi ya Taifa, Kew, fungu la PROB 11, kuanzia 1384 hadi 12 Januari 1858. Duki wa 6 alikufa 18 Januari 1858. Siku sita. Watu wanamtafuta PROB 11, hawamwoni, wanahitimisha hakuandika wosia. Yuko kwenye masjala mpya ya kiraia iliyoanza mwezi uleule. Kwa wakubwa wa kabla ya katikati ya karne ya 17 kuna kitu bora zaidi: uchunguzi uliofanywa na maofisa wa mfalme baada ya kifo cha mwenye ardhi, fungu C 142 kwa enzi za Tudor na Stuart wa mwanzo. Unataja ardhi, siku ya kufa, jina la mrithi na umri wake. Umri wa mrithi mzima uchukue kwa tahadhari. "Miaka 21 na zaidi" ilitosha kwa karani, hata kama mtu ana arobaini.

Vitabu vya ubatizo vya parokia vinaanza 1538, usajili wa kiraia 1 Julai 1837. Kwa maziko usiende Edensor moja kwa moja kwa sababu tu ni kijiji cha Chatsworth. Bess yuko All Saints, Derby, ambayo leo ni kanisa kuu, na Georgiana Spencer mke wa duki wa 5 yuko hukohuko. Duki wa 6 ndiye utamkuta Edensor.

Msuluhishi Pwani

Kuhusu watoto wa nje. Augustus Clifford alizaliwa 1788, baba duki wa 5, mama Lady Elizabeth Foster. Duki wa 6 alizaliwa 1790. Wazazi wa Augustus walioana 1809. Sheria ya 1926 inasema ndoa ya baadaye inamhalalisha mtoto. Je, si kusema mti sahihi ungemtanguliza Augustus?

Tunu wa Nyaraka

Hapana, ndugu, na sababu ni tatu, kila moja inatosha peke yake.

Hadi 1926 sheria ya Uingereza haikukubali ndoa ya baadaye imhalalishe mtoto. Maaskofu walilitaka jambo hilo huko Merton katika karne ya 13, mabaroni wakalikataa. Augustus alifariki zamani kabla ya 1926. Pili, sheria ya 1926 yenyewe ilimwacha nje mtoto ambaye mzazi wake mmoja alikuwa na ndoa nyingine siku ya kuzaliwa kwake. Mwaka 1788 duki alikuwa na mkewe Georgiana Spencer, na Elizabeth alikuwa bado mke wa John Foster. Tatu, vyeo viliondolewa wazi katika sheria hiyo.

Kwa mchoro: mpe baba yake wa damu, uhusiano uandike "nje ya ndoa", na usimpe namba ya urithi. Jina Clifford walilompa limetoka kwenye ule ubaroni wa bibi yake. Baadaye alikuwa ofisa wa jeshi la maji na akapewa ubaroneti (cheo cha kurithiwa kilicho chini ya ubaroni) wake mwenyewe 1838; huo ni mlango mpya unaoanzia kwake. Caroline St Jules ni wa wazazi haohao. Charlotte Williams ni wa duki kwa mama mwingine. Eliza Courtney, aliyezaliwa 1792, ni kinyume: mama Georgiana, baba Charles Grey. Huyu hana damu ya Cavendish hata tone, ingawa miti kadhaa inamshusha kutoka kwa duki kwa sababu tu mama yake alikuwa mke wa duki.

Na msisahau mwanzo wa ukoo. Henry, mwana mkubwa wa Bess, hakuwa na mtoto wa ndoa, ila alikuwa na mwana wa nje ambaye wazao wake ni mabaroni Waterpark wa leo, cheo cha Ireland cha 1792. Mdogo wake William ndiye erli wa 1. Aliachiwa Hardwick na mama yao, na Chatsworth akaipata kwa kuinunua haki ya Henry.

Karani wa Kale

Limebaki la Newcastle na Portland. Ni ukoo mmoja, mlango tofauti.

Bess na Sir William walikuwa na wana watatu: Henry, William, Charles. Charles ndiye wa mashamba ya Welbeck na Bolsover. Mwanawe, William mwingine (1593–1676), akawa duki wa 1 wa Newcastle 1665. Duki wa 2, Henry, alikufa 1691 bila mwana wa kiume aliye hai na uduki ukafa. Toka hapo Welbeck ilipita mikononi mwa wanawake watatu mfululizo: binti yake Margaret Cavendish, mke wa John Holles; binti yao Henrietta, aliyeolewa 1713 na Edward Harley; na binti wa hao, Margaret Harley, aliyeolewa 1734 na duki wa 2 wa Portland, wa ukoo wa Bentinck uliotoka Uholanzi. Kila mara jina la mume lilibadilika na shamba likabaki lilelile. Mwana wao, duki wa 3 wa Portland, alijiongezea rasmi jina la Cavendish 1801, ndipo ukapata Cavendish-Bentinck. Kwa kuumeni ni Bentinck, kwa ardhi ya Welbeck ni Cavendish.

Usiunganishe maduki wote wa Newcastle. John Holles alipewa uduki mpya wa jina hilo 1694, ukafa naye 1711, kisha 1715 ukaundwa tena kwa mpwa wake Thomas Pelham-Holles. Kila uumbaji una duki wake wa 1, kwa hiyo andika mwaka wa kuundwa mbele ya namba.

Juu ya Sir William, simama kwa baba yake Thomas Cavendish, ofisa wa hazina aliyekufa 1524, mpaka uwe na hati ya kila hatua. Wengi wanaruka kutoka hapo hadi Sir John Cavendish, jaji mkuu aliyeuawa katika uasi wa wakulima wa 1381, bila kutaja majina ya katikati. Na kaka yake Sir William, George, aliyemtumikia Kadinali Wolsey na kuandika maisha yake, alipokonywa kazi yake vitabuni: ilihesabiwa kuwa ya William hadi Joseph Hunter alipolisahihisha mwaka 1814. Ukikuta maelezo ya William "mtumishi wa Wolsey" kwenye mti wa mtu, unajua chanzo chake ni cha kabla ya hapo, au kimenakiliwa kutoka kwa kilicho cha kabla ya hapo.

Mchora Matawi

Shukrani Karani, Bi Tunu. Nimeanza kutenga faili tatu. Moja tu: mlango wa Portland niushushe hadi wapi?

Karani wa Kale

Uduki wa Portland ulikufa 1990 pamoja na duki wa 9. Uerli wa Portland, wa 1689, haukufa. Ulikwenda kwa jamaa wa mbali wa kuumeni, kwa kuwa uduki wa 1716 ulihitaji wazao wa duki wa 1 peke yake. Jamaa huyo anatoka kwa erli wa 1 kwa njia nyingine, kabla ya ndoa ya 1734, kwa hiyo njia yake ya kuumeni haimpitii Bess. Kwenye faili la ukoo wa Cavendish mstari unaishia 1990. Ukitaka kumfuata, mfungulie faili la Bentinck.